Nina laki tatu: nianze kubadilisha nini kwenye baiskeli ya mtumba?

Kijana_wa_Sakina

Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya mbio yenye usukani uliopinda chini, fremu ya chuma, rimu za alumini. Naishi Sakina, Arusha, nafanya kazi Usa River. Asubuhi nateremka vizuri, shida ni kurudi. Kuanzia Tengeru kupanda mjini miguu inakwisha, na Jumamosi nikitoka na wenzangu huko ndiko wananiacha.

Tangu niangalie mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, nawaza uzito tu. Nimepata mtu anauza usukani na nguzo ya siti vya kaboni, navyo vya mtumba, anasema vitapunguza nusu kilo. Laki tatu yangu itaishia hapo.

Gia za mbele ni meno 52 na 42, friwili ya nyuma ni ya gia saba, meno 13 hadi 24. Tairi ni 700x23, najaza upepo PSI 120. Mimi nina kilo 70, baiskeli 12. Mnyororo ni ule ule uliokuja nayo. Ninunue hiyo kaboni?

Fundi_Kilombero

Mdogo wangu, usinunue. Tupige hesabu kwanza. Wewe na baiskeli ni kilo 82. Nusu kilo hapo ni asilimia 0.6. Hata ungepanda mlima saa nzima bila kupumzika, ungeokoa sekunde ishirini na kidogo. Na hao uliowaona Kigali, UCI, chama cha baiskeli cha dunia, haimruhusu yeyote kuingia na baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo uzito wa baiskeli zao haupishani sana. Wanaachana kwa miguu na mapafu.

Halafu kaboni ya mtumba. Chuma kikipata ajali kinapinda, unakiona. Kaboni inaweza kubeba ufa kwa ndani huku rangi ya juu inang'aa, ikaachia siku unateremka kwa kasi na malori ya Moshi yako nyuma yako. Usukani ndicho kitu umeshika. Kama hujui usukani huo ulianguka wapi na mara ngapi, mimi siufungi kwenye baiskeli ya mteja, hata akiniomba.

Sasa pesa yako. Anza na tairi. PSI 120 kwenye tairi ya 23 ni sawa kwa uwanja wa mbio wenye sakafu laini. Kwa barabara yetu, na pembeni kule kwenye kokoto unakosukumwa na daladala, kila kidonge cha lami kinakurusha juu wewe mzima na kilo zako 70. Nguvu ya kukurusha imetoka kwenye pedeli zako. Tairi pana kidogo yenye upepo wa wastani inameza kidonge na kuendelea. Ukitoka hapo huumii mgongo wala viganja, na hilo nalo ni mwendo, kwa sababu mtu aliyechoka mikono hakanyagi vizuri.

Ila kabla hujatoa hela, soma ubavuni mwa tairi. Saizi ya 700C, kama yako, inaandikwa 622. Zipo baiskeli za zamani za 27 x 1 1/4, hizo ni 630, na tairi zake haziingiliani na zako ingawa kwa macho zinafanana. Nimeona watu wengi wakirudishwa dukani kwa hilo.

Cha pili ni mnyororo. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Mnyororo mpya unagonga inchi 12 kamili. Ukizidi milimita moja na nusu, badilisha. Ukifika tatu, friwili nayo imeshaliwa, na mnyororo mpya utakuwa unaruka juu ya meno kila ukikanyaga kwa nguvu.

Cha tatu hakina gharama kubwa: gololi na grisi. Baiskeli ya mtumba imekaa baharini, imekaa bandarini, grisi imekuwa gundi. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, nyingi za namna hiyo huchukua gololi za robo inchi nyuma, tisa kila upande, na za 3/16 mbele, kumi kila upande. Zioshe, kagua koni, zile zinazobana gololi, kama zina mashimo, weka grisi mpya. Funga mpaka gurudumu lisiteteme na lisikaze.

Mwisho raba za breki na waya zake. Masika inakuja na wewe unateremka kila asubuhi.

Dada_Ngaramtoni

Fundi shikamoo. Yote nakubali, ila mimi ningeanza na gia. Huyu kaka haachwi na tairi, anaachwa na 42 kwa 24.

Gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Kwa 42 na 24, pedeli zikizunguka mara moja anasonga karibu mita 3.7. Akipanda kwa kilomita 9 kwa saa, anakanyaga mizunguko kama 41 kwa dakika. Huko ni kusukuma ukuta kwa magoti. Aweke friwili ya 14 hadi 28, ambayo inapatikana kirahisi: mzunguko mmoja unakuwa mita 3.15, miguu inapata mizunguko 48 kwa mwendo ule ule. Akibahatika kupata gia ya mbele ya meno 39 inayoingia kwenye krenki yake, yaani mkono wa pedeli, anavuka 50. Mimi napanda Ngaramtoni na kodi za nyumba kwenye akili na sahani za biashara kwenye begi, magoti yangu yamepona kwa sababu ya meno hayo manne.

Na kaka, usiogope kupoteza ile 13. Ukiwa kwenye 52 na 14, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, unakwenda kilomita 42 kwa saa. Kwenye mteremko wa Tengeru hiyo inatosha.

Fundi_Kilombero

Marahaba dada. Hesabu zako ziko sawa, na ukiangalia vizuri hatupingani: friwili na mnyororo vinunuliwe siku moja, vianze kazi pamoja. Kwa mlima peke yake nakupa nafasi ya kwanza.

Tahadhari mbili. Kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, kama ni kifupi cha mbio, huenda kikagusa meno 28. Nunua pale ambapo utaruhusiwa kurudisha. Na mnyororo wa zamani utakuwa mfupi. Zungusha mnyororo mpya kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye hicho kifaa, ongeza pingili mbili, kata hapo.

Kijana_wa_Sakina

Asanteni sana, nimemwambia yule bwana wa kaboni hapana. Nimepima leo. Ubavuni imeandikwa 23-622. Mnyororo umezidi inchi 12 kwa milimita 3 na kitu. Gurudumu la nyuma nikilizungusha kwa mkono linakwaruza kama lina mchanga. Kati ya tairi na breki kwa juu kuna nafasi ya milimita 6. Tairi ya 28 itaingia?

Fundi_Kilombero

Usiweke 28. Itapanda juu karibu milimita 5, unabaki na moja. Kokoto moja ikinasa pale inakwangua tairi, ikiwa kubwa inakufunga gurudumu. Chukua 25, unabaki na nne. Kwa kilo zako weka PSI 90 nyuma, 80 mbele, kisha shusha kidogo kidogo mpaka usikie tofauti kwenye kokoto.

Mnyororo na friwili, vyote viwili, havina mjadala tena. Ukileta baiskeli usiioshe. Nataka kuona grisi imevujia upande gani wa habu kabla sijafungua.