Wenye saluni mnapandisha bei kwa mikono yetu, mgao mnauacha palepale

Wakuu, leo naongea, limenifika hapa. Kazi yangu ni ususi, nimepita saluni kadhaa za Sinza na Mwenge hapa Dar, na huu mtindo wa kutugawa madaraja bila kigezo umenichosha.

Saluni niliyopo bosi kabandika bei mpya ukutani. Knotless, ile misuko isiyo na fundo kwenye shina, kwa fundi wa kawaida 60,000, kwa fundi mkuu 90,000. Mimi nikaambiwa nimepanda, nipo kwenye 90,000. Wenzangu wakanipa hongera. Kuja kupiga hesabu wikiendi, kichwa kimoja bado napewa 20,000 ileile! Nauliza, naambiwa nyongeza ni ya jina la saluni. Jina la saluni linasuka? Mteja anapiga simu kwanza kuuliza kama nipo, akiambiwa sipo anaahirisha. Halafu kwenye hiyo hiyo 20,000 ndimo namlipa binti anayenichambulia rasta na kunishikia upande wa nyuma. Yaani msaidizi wa saluni, ujira wake unatoka kwangu.

Na hizo bei zenyewe kapanga mtu ambaye hajawahi kukaa na kichwa cha mtu. Ubaoni wanaangalia urefu tu: mabegani, mgongoni, kiunoni. Msusi yeyote atakwambia kinachokula muda ni wembamba wa msuko. Knotless unaanza na nywele za mteja mwenyewe, rasta unaiongeza kidogo kidogo unavyoshuka. Ukisuka minene ya kiunoni jioni unaondoka mapema. Ukisuka midogo ya mabegani unaingia asubuhi, unatoka giza limeingia, vidole havikunjiki, na bado hujachovya ncha kwenye maji ya moto. Ya mabegani ndiyo ya bei ya chini! Ikifika Desemba au Idi bei inapanda tena kwa mteja, sisi tunaongezewa saa za kusimama.

Sasa njooni kwenye kupandishwa. Kuna dada pale amesoma VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Mteja akija na kidonda kichwani, au kafumua rasta jana, huyo dada hampaki dawa ya kulainisha nywele hata mteja akinuna, anamwambia apumzishe kichwa kwanza. Hajawahi kuunguza mtu. Mpaka leo ni fundi wa kawaida. Aliyepandishwa juu yake kaja majuzi tu, ana wafuasi wengi Instagram. Sina ugomvi na binti wa watu, anatafuta riziki kama mimi. Lakini anakaza nywele za mbele mpaka vipele vinatoka kwenye paji la uso, na tunaojua tunajua mwisho wake ni upara wa mbele. Mteja akirudi analia, nani anaitwa kurekebisha? Huyo huyo fundi wa kawaida, bure, eti ni huduma ya saluni.

Msituambie ufundi haupimiki. VETA wana ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na huvuki kwa kupendwa, unafanya kazi mikono ikionekana. Hata aliyejifunzia barazani kwa shangazi yake kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi wake, anapimwa na anapewa cheti. Ninyi mmeshindwa hata kuandika karatasi moja inayosema fundi mkuu ajue nini?

Na wenye saluni mnaosoma hapa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, ndani yake kuna ujira na namna unavyokokotolewa. Mambo yakibadilika mnatakiwa mkae naye, mrekebishe hayo maandishi. Kwetu bei ilibadilika kwa ubao wa ukutani! Makato ya hasara nayo yana masharti: usikilizwe kwanza, na yasizidi robo ya ujira wako. Mwezi uliopita mwenzetu kakatwa karibu nusu kwa sababu draya ya kukaushia nywele iliungua akiwa zamu. Hakuulizwa hata swali moja.

Najua mtakuja na kodi ya fremu, umeme, bei ya dawa. Sawa, tunaviona. Ndiyo maana hatujadai 90,000 yote. Tunachotaka ni mgao uandikwe kwa asilimia, bei ikipanda na sisi tupande. Msaidizi alipwe na saluni. Vigezo vya fundi mkuu vibandikwe ukutani pembeni ya bei, mteja naye avisome, ajue 30,000 ya ziada anailipia nini.

Wasusi wenzangu, tajeni mnagawanaje huko kwenu, msitaje saluni. Na kama kuna aliyewahi kumpeleka mwenye saluni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, bila kuwa na mkataba wa maandishi, naomba aeleze alianzia wapi na alibeba ushahidi gani. Mimi picha za ubao wa bei, wa zamani na mpya, ninazo.