Chooko ya vuli: paketi ya bakteria, urea, au kuiacha ardhi yenyewe?

KondeLaMaweni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina konde la nusu eka huku Makunduchi, Unguja, upande wa mawe, udongo umo mifukoni tu baina ya jiwe na jiwe. Vuli iliyopita nilinunua paketi ya ule unga mweusi wa bakteria, nikachanganya na mbegu ya chooko (choroko) kama nilivyoelezwa dukani. Mistari minne nikaiacha bila kitu. Wallahi wakati wa kuvuna sikuona tofauti hata ya kibaba. Muuzaji anasema mwaka huu nitie paketi mbili. Jirani anasema niachane na vijidudu, nitie urea. Mama anasema chooko haijatiwa kitu tangu enzi za bibi yake. Nimshike nani? Fedha ni za kununua kimoja tu.

Maalim wa Chake
Waalaykum salaam. Mshike mama, lakini ujue kwa nini.

Unga ule una bakteria hai, rizobia. Wanaingia kwenye mzizi, mmea unawajengea vinundu, wao wanaikamata nitrojeni ya hewani (asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni) na kuigeuza chakula cha mmea, mmea unawalipa sukari. Sasa shida yako ni kwamba konde halikuwa tupu. Chooko, kunde, mbaazi, njugu nyasa, njugu mawe, zote hizo hazichagui sana mwenza, zinapokea kundi kubwa la rizobia waitwao bradirizobia. Na ardhi iliyopandwa kunde tangu enzi za bibi haiwakosi hao.

Fikiria daladala. Abiria waliolala stendi washakaa, wewe unakuja na abiria wako wamepiga pasi, siti hakuna. Mmea wenyewe ukishapata vinundu vya kutosha vya mwanzo hupunguza kupokea vipya. Anayewahi ndiye anayekaa.

Bint Bambi
Maalim samahani, hapo sijakuelewa. Paketi ina bakteria kwa mamilioni, wenyeji labda ni wachache. Wengi si ndio washinde?

Maalim wa Chake
Wengi, ndiyo, lakini wamegandia kwenye ganda la mbegu. Mzizi ukianza kukimbia unawaacha nyuma, na kila unakopita unamkuta mwenyeji anasubiri, keshazoea joto na ukavu wa pale. Na wapo bakteria wanaotoa sumu ya kuwaua jamaa zao wa karibu ili wabaki peke yao kwenye mzizi. Mwaka Kogwa ya chini ya ardhi, ila hawa hawapigani kwa migomba kama nyinyi kwenye sherehe yenu Makunduchi.

Yakhe_Micheweni
Urea nilitia kwenye kunde. Majani yalikuwa mazuri, watoto wamekula mboga mpaka wakachoka. Maganda ya kuhesabu! Nikang'oa shina, mizizi imenyooka safi kama uzi, vinundu viwili vitatu. Urea ni mbolea ya nitrojeni; mmea ukipewa nitrojeni ya bure utamlisha nani sukari? Urea yangu nilihamishia kwenye mahindi, huko ndiko iliko haki yake.

Mzee wa Kinongo
Swali lako, KondeLaMaweni, lilishafanyiwa majaribio kisiwani kama sisi. Ni Maui, kule Hawaii, matokeo yakatolewa 1991. Walichukua mashamba matano, jamii mbalimbali za mikunde, na kila moja wakaifanyia mambo yako matatu: bakteria wa kuletwa, urea nyingi, au kuachwa hivihivi. Kabla ya hapo walihesabu wenyeji waliomo udongoni.

Penye wenyeji chini ya 10 kwa gramu moja ya udongo, bakteria wa kuletwa waliongeza mavuno kwa uhakika mara 85 katika 100. Wakizidi 10, mara 6 tu. Na wenyeji 50 kwa gramu walitosha kuifuta faida yote. Hamsini! Kijiko cha udongo kina viumbe wasiohesabika, hamsini ni nini? Soya ndiyo iliyoitikia mara nyingi zaidi. Kunde haikuitikia hata shamba moja. Chooko ni ndugu yake wa karibu.

Kwa hiyo paketi mbili ni kupeleka abiria zaidi kwenye daladala iliyojaa.

Bint Bambi
Hapo kwenye soya naunga mkono kwa macho yangu. Nilipanda soya mara moja, udongo mwekundu, shamba halijawahi kuiona soya. Kipande bila paketi kilikuwa manjano kama embe bivu, cha paketi kijani kibichi. Ila paketi ya kwanza niliiua mwenyewe: nilichanganya asubuhi, nikaanika mbegu juani zikauke vizuri, nikapanda saa kumi. Ya pili nikachanganyia kivulini na kufukia papo hapo. Wale ni hai jamani, si chumvi.

Maalim wa Chake
Kuna jambo moja tusilipite. Aliyeshinda siti si lazima awe mchapakazi. Bakteria anaweza kuwa hodari wa kuwahi mzizi, akishaingia anakula sukari na nitrojeni anayotoa ni kidogo. Lakini mmea nao si mjinga. Mwaka 2003 watafiti wa California waliweka vinundu vya soya kwenye hewa ambayo nitrojeni karibu yote imeondolewa, badala yake wakatia gesi ya argoni, kwa hiyo bakteria wa humo hata wangetaka wasingeweza kufanya kazi. Mmea ukapunguza oksijeni inayoingia kwenye vinundu hivyo, na bakteria wa humo wakazaana kidogo kuliko wenzao. Mvivu anafungiwa dirisha.

Mzee wa Kinongo
Kweli, ila adhabu inakuja wakati mgeni keshaingia sebuleni. Kama konde zima limejaa wavivu, mmea utamwadhibu nani na umbakishe nani? Ndiyo maana mimi simwambii mtu "acha paketi" kabla hajang'oa na kukata. Chimba kwa jembe, usivute, vinundu vitabaki chini. Kata kwa wembe. Ndani pawe pa waridi au pekundu, ndipo kazi inafanyika. Kijani au kijivu, kimechoka.

Na wewe wa mawe, angalia manjano yanaanzia wapi. Majani ya chini yakitangulia, ni njaa ya nitrojeni. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma, kawaida kwenye udongo wa chokaa, na bakteria hawaiponyi. Fedha yako nunua samadi. Fosfeti ya Minjingu, ile mbolea ya mawe yaliyosagwa, usinunue kwa hapo, inataka udongo wenye asidi ndipo iyeyuke, na lako ni matumbawe matupu.

KondeLaMaweni
Shukran sana wazee wangu. Nimetoka jikoni kwa mama sasa hivi na wembe. Nimechimba mashina sita ya kunde yaliyo nyuma ya banda. Matano ndani mekundu, nusura nidhani nimejikata. La sita liko pembezoni, karibu na jiwe: vinundu vingi, vidogo, ndani vyeupe kama nazi. Paketi sinunui, lakini huyu wa sita amenikaa kichwani. Ndio hao wavivu?

Mzee wa Kinongo
Huenda. Shina lina siku ngapi? Vinundu vichanga navyo huwa vyeupe kabla ya kuanza kazi. Chimba jirani yake baada ya wiki mbili.

KondeLaMaweni
Wiki mbili mbuzi wa jirani washamaliza.

Yakhe_Micheweni
Yule wa urea?

KondeLaMaweni
Huyo huyo.