Ushauri jamani: utando wa ubongo wa binti yangu umenenepa

Mama_Kadutu: Jambo wote. Binti yangu ana miaka 9. Kichwa kilimuuma muda mrefu, tukatibu malaria, tukatibu macho, mwisho akaanza kuona vitu viwiliviwili. IRM, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, ya Kigali ikaonyesha ule utando mgumu wa nje unaofunika ubongo umenenepa. Wanaita pakimeninjiti. Sasa kuna mzee Walungu mwenye dawa za majani. Nimpeleke?

Sambaza_Moto: Walungu na mvua hii? Mtalala njiani.

Papa_Deo: Pole mama. Shemeji yangu aliumwa kichwa mwaka mzima, kumbe jino! Na watoto wa leo na simu usiku kucha...

Muuguzi_Ibanda: Papa, tuache simu. Mama, walimpa dawa gani?

Mama_Kadutu: Prednizoloni, vidonge vya kupunguza uvimbe. Walitoa kwanza maji ya mgongo, wakatafuta kifua kikuu, hawakukiona.

Muuguzi_Ibanda: Anakunywa hadi leo?

Mama_Kadutu: Nilisimamisha juzi. Ninyi hamumwoni! Uso umevimba kama andazi, shuleni wanamcheka, usiku anamaliza sufuria ya bugali. Mzee anasema majani hayapatani na vidonge. Na nusu ya pesa nimeshalipa.

Muuguzi_Ibanda: Hiyo nusu isahau. Uso utapungua munganga wa lopitali akishusha dozi polepole. Mwili uliozoea vidonge hivyo huacha kutengeneza homoni yake. Ukikata ghafla mtoto hulegea, hutapika, presha hushuka. Utando nao ukivimba tena unabana neva za macho na masikio. Anatapika?

Mama_Kadutu: Tangu jana. Nilidhani ni sombe aliyokula.

Mwana_Nyawera: Msidanganyike. Ugonjwa huo ni wa watu wazima. Na majuzi huyu mama alikuwa anauliza humu bei ya sementi. Kesho ataweka namba ya kutumiwa pesa.

Sambaza_Moto: Kwani anayejenga hazai?

Muuguzi_Ibanda: Kwa watoto ni nadra, ila upo. Mara nyingine ni kinga ya mwili inayojishambulia, mara nyingine sababu haionekani. Mama, lopitali sasa hivi, na useme wazi kwamba vidonge vilikatwa.

Mama_Kadutu: Siombi pesa ya mtu! Baba yake yuko Kamituga kwenye dhahabu, simu haipiti. Na wanganga watanigombeza.

Papa_Deo: Watakugombeza, ndiyo. Nenda.

Mwana_Nyawera: Mimi bado naona ni hadithi. Ila zile picha za IRM uzibebe, usiziache nyumbani.