Ulinganisho: zulia la Wakashkai lenye umbo la kati, gabe ya simba, au kilimu?

Mkaazi_wa_Matrah:
Salaam, wanajukwaa. Duka moja sokoni hapa Maskati limenionyesha kazi tatu za Wakashkai, wafugaji wa kuhamahama wanaosema lugha ya jamii ya Kituruki katika mkoa wa Fars, kusini-magharibi mwa Iran. Ya kwanza ni zulia la vifundo, jekundu iliyokolea, lenye umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha. Ya pili ni gabe, yaani zulia nene la manyoya marefu, yenye simba mmoja, na ya tatu ni kilimu, yaani busati lisilo na manyoya. Bei zinakaribiana. Naomba mnilinganishie nakshi zenyewe, kwa kuwa muuzaji ana maana tayari kwa kila alama niliyoigusa.

BintiKisauni:
Wa alaykum salaam, kaka. Ningekuwa mimi, ningechukua lile la vifundo. Umbo la kati likiwa na mikono minne yenye kulabu, hilo ndilo linalowatambulisha Wakashkai kuliko nakshi nyingine yoyote, na mara nyingi hurudiwa mara tatu katika mstari mmoja. Ila usiishie hapo: tazama mji wa zulia, kama unavyotazama mji wa kanga, ndipo utakapoona vitu vidogo vilivyojazwa kati ya umbo na pindo, yaani mbuzi, ndege, vichana, maua na ile bote yenye kichwa kilichopinda, ambayo sisi wa kanga tungeiita korosho bila kusita. Mwanamke anayefuma hana mchoro wa karatasi mbele yake. Anafuma kwa kumbukumbu, na ndiyo maana upande wa kushoto haufanani kabisa na wa kulia.

FundiMtande:
Naongezea jambo ambalo wauzaji hulisahau: nakshi hufuata ufundi. Katika zulia la vifundo kila kifundo ni nukta, na nukta zikisongamana mstari unaweza kupinda. Wakashkuli, mojawapo ya makabila ya Wakashkai, wanasifika kwa vifundo vidogo, kwa hiyo maua yao hukaribia kuwa ya mviringo. Gabe ina manyoya marefu, vifundo vichache na nyuzi nyingi za mshindio, yaani zinazopita kwa upana, kati ya safu na safu, hivyo ndege mdogo angezama asionekane. Anayeifuma hana budi kuchora kwa upana: uwanja mtupu wa rangi, mti mmoja, simba mmoja.

Kilimu kina sharti kali zaidi. Uzi wa kila rangi hugeuka unapofika mpaka wake na kuacha mwanya mdogo kati ya rangi mbili. Mstari mrefu uliosimama wima ungeleta mwanya mrefu, na busati lingedhoofika. Kwa hiyo mfumaji huenda kwa mshazari, ngazi kwa ngazi, na kulabu ileile uliyoiona kwenye zulia hapa hugeuka kuwa pembetatu zenye meno. Kwa macho yangu, kilimu ndicho chenye nakshi safi kuliko vyote vitatu, ingawa najua Binti atanipinga.

BintiKisauni:
Nakupinga, ndugu yangu. Usafi huo huo ndio unaoninyima wale mbuzi.

Babu_Shela:
Wanangu, kuhusu simba, msimfunge katika maana moja. Simba halisi waliishi kusini-magharibi mwa Iran hadi karne ya 20. Katika magofu ya Takht-e Jamshid (Persepolis), mji wa kale wa wafalme wa Uajemi mkoani humohumo Fars, yumo simba wa mawe anayemrarua fahali. Na simba mwenye jua alikuwa kwenye bendera ya nchi hadi mapinduzi ya 1979. Mfumaji alikuwa na simba wa kutosha wa kumwiga. Muuzaji akisema simba ni ushujaa tu, msikilize kwa adabu, kisha endelea kutazama.

Jambo jingine: majirani zao wa shirikisho la makabila la Khamseh hufuma mazulia yaliyojaa ndege wanaofanana na kuku, nayo yote huuzwa pamoja kwa jina la Shiraz. Ndege peke yao si ushahidi. Ligeuze zulia: mtande wa Wakashkai, yaani nyuzi za urefu, kwa kawaida ni wa sufu, na kingo zake mara nyingi huzungushiwa nyuzi za rangi mbili zinazopokezana.

Mkaazi_wa_Matrah:
Nawashukuru, Babu na wenzangu. Nimerudi dukani nikaligeuza lile jekundu. Mtande ni wa sufu, na kingo zina nyekundu na buluu kwa zamu. Kwenye robo ya juu, wekundu unageuka ghafla na kuwa karibu na rangi ya matofali, bila shaka pale sufu iliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja ilipokwisha na nyingine ikaanza. Pembeni, ua la pindo limekatwa nusu kwa kukosa nafasi, na mfumaji ameziba pengo kwa kichana. Nimelichukua hilo. Kilimu nacho nimeomba kiwekwe hadi mwisho wa mwezi.

FundiMtande:
Kabla hujakilipia kilimu, kinyanyue mbele ya dirisha. Mianya ikiwa mifupi na ya kulingana, mwanga utapenya kwa vinukta tu.