John Cameron wa Tottenham, alikuwa kocha huku anacheza?

mzee_wa_dimba: Wakuu habari zenu, hivi ni kweli huyu Mskochi aliyewapa Spurs (yani Tottenham) FA Cup, kombe la England, ya 1901 alikuwa anacheza na kufundisha kwa wakati mmoja? Na aliishia wapi?

kipute77: Kweli kabisa mkuu. Jamaa ni wa Ayr kule Scotland, kazaliwa 1872, kapita klabu ya Queen's Park, kaenda Everton, 1898 ndo akatua Spurs, na mwaka uliofuata akakabidhiwa timu, yani mchezaji, kocha na katibu ni mtu huyohuyo! Fainali na Sheffield United iliisha 2-2 Crystal Palace mbele ya watu zaidi ya laki moja, marudiano mjini Bolton Spurs wakafungwa kwanza, Cameron mwenyewe akasawazisha, mwisho 3-1. Tangu Football League, ligi ya England, ianze 1888 hakuna timu nyingine ya nje ya ligi hiyo iliyobeba kombe lile.

dada_winga: Msisahau na chama cha wachezaji cha 1898, yeye ndo alikuwa katibu, walitaka mchezaji aweze kuhama na apatane mshahara wake mwenyewe. Kikafa, halafu 1901 kikaja kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki, inauma sana aisee.

kipute77: Umenena dada. Baadaye akaenda kufundisha Dresden, Ujerumani, vita ya 1914 ikamkuta hukohuko, kwa kuwa ni Mwingereza akawekwa kambi ya wafungwa ya Ruhleben pale Berlin, ulikuwa uwanja wa mbio za farasi na wafungwa walilala kwenye mabanda ya farasi. Na bado mpira ukapigwa humo, Steve Bloomer, mshambuliaji maarufu wa England, naye alikuwemo. Vita ilipoisha akarudi kwao kuinoa Ayr United.

mzee_wa_dimba: Asanteni sana wakuu, huyu anastahili sanamu pale Tottenham.