Mmumunye umepanda mpaka juu ya banda, maua tele, tunda hakuna

Mtoa mada: Wakuu, nipo Chamwino. Mche umejiotea kando ya uzio mvua za Desemba, sasa umefika paa la banda. Maua ni meupe, makubwa, lakini yanadondoka tu. Nataka vibuyu vya kukausha. Ni mmumunye kweli au ni ule wa porini?

Mkulima_Bahi: Anza na jani, mkuu. La mmumunye ni la mviringo, laini kwa vinyweleo, ukilifikicha linanuka vibaya. La porini limekatika ncha 3 hadi 5, na linakwaruza. Vile vinundu viwili kikonyo kinapokutana na jani visikuchanganye, wote wanavyo. Tazama na maua dume: ya mmumunye hutoka moja moja kwenye kikonyo kirefu, ya porini kadhaa kwenye kikonyo kimoja. Tena ule wa porini una mmea dume na mmea jike mbalimbali. Ukiwa na dume, hupati tunda hata ungoje miaka.

Mtoa mada: Jani mviringo, laini. Ua moja moja.

Bibi_Shamba: Basi ni mmumunye. Maua dume hutangulia, na majike hutoka zaidi kwenye matawi ya pembeni, kwa hiyo kata ncha ya shina kuu uyaamshe. Jike lina kibuyu kidogo chenye manyoya chini ya petali. Kikigeuka njano na kuanguka, mara nyingi hakikupata chavua, ule unga wa ua dume. Ua hufunguka jua likizama na kunyauka kesho yake. Nondo ndio hulihudumia, nyuki wa mchana anachelewa. Saa 1 jioni chuma dume lililofunguka, ng'oa petali, paka ule unga katikati ya jike. Na urea acha kabisa, inakupa majani tu.

Mkulima_Bahi: Naongezea: tunda changa livishe mfuko wa karatasi. Inzi wa matunda akitaga, utaona tobo dogo lenye utomvu, ndani funza, na linaoza. Kibuyu usichume kibichi, kitasinyaa. Ngoja kikonyo kikauke kabisa na mbegu zisikike ukitikisa.

Bibi_Shamba: Kama mtapika machanga, gusisha kipande kwenye ulimi kwanza, uteme. Kikiwa kichungu, tupa tunda zima. Ni sumu, na kupika hakuiondoi. Mche uliojiotea hujui mbegu yake imetoka wapi.

Mtoa mada: Shukrani sana. Leo jioni naanza na chavua.