Naomba ushauri: mbuzi walionona ndio wanaokufa

Habari za leo wafugaji. Niko Kongwa, nanenepesha mbuzi kwa pumba na mahindi ya kuparaza. Wanaokufa ni wale walionona, tena ghafla: jioni anacheua vizuri, alfajiri yuko chini, shingo imepinda nyuma, miguu anairusharusha. Daktari wa mifugo anasema ni klostridia, bakteria wanaokaa tumboni siku zote bila shida. Wakipata wanga mwingi kwa mkupuo wanazaliana na kumwaga sumu inayopenya utumbo, ikaingia kwenye damu hadi ubongo. Antibayotiki inaua bakteria, lakini sumu iliyokwisha kumwagwa haiigusi. Sawa, nachanja. Mliokwisha chanja, dozi ya pili mlirudia baada ya muda gani? Na pumba mnaongezaje? Msiniambie niache kunenepesha, mnada haungoji.